Kupanga likizo ya Julai na Agosti nyumbani na watoto wadogo: tuweke kituo kimoja, ndugu watufuate

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila ifikapo Januari, wazazi wengi wa Kitanzania tunaoishi Uingereza na nchi za jirani huanza kufuatilia bei za tiketi kwa ajili ya likizo ndefu ya shule, na kila mwaka hapa jukwaani huulizwa ni ndege ipi yenye nafuu na mizigo inayoruhusiwa ni kilo ngapi. Ni maswali ya msingi. Hata hivyo, nina hakika kwamba safari ya nyumbani na watoto wa chini ya miaka minane haiharibiki kwenye tiketi, bali kwenye ratiba ya baada ya kutua. Tunashuka Dar es Salaam tukiwa na orodha ya watu wa kuwaona: tunalala kwa shangazi Tabata, tunahamia kwa mjomba Kigamboni, tunapanda basi kwenda Tanga, tunarudi, kisha tunaondoka tena kwenda Mwanza. Mtoto wa miaka mitatu hubebwa muda wote huo bila kujua leo atalala wapi wala kesho nani atampa chai. Mwishowe tunalalamika kwamba mtoto ameshindwa kuzoea nyumbani, ilhali hakuna mahali hata pamoja alipopewa muda wa kupazoea.

Hoja yangu ni hii: familia yenye watoto wadogo ichague kituo kimoja, ikae hapo angalau theluthi mbili za likizo, na ndugu ndio waje walipo watoto. Najua wapo watakaosema huo ni uzungu. Nitalifikia hilo, lakini tuanze na kalenda, kwa sababu ndiyo inayoamua mambo mengi yanayofuata.

Shule nyingi za England hufungwa katika siku kumi za mwisho za Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Shule za Tanzania huanza mwaka wa masomo Januari na kupumzika Juni, na kwa kawaida wiki za mwanzo za Julai muhula wa pili huwa tayari umeanza. Kwa hiyo mtoto anayetoka Reading mwishoni mwa Julai hufika kwa bibi yake na kukuta binamu zake wanaamshwa saa 11 alfajiri kusubiri basi la shule, wanarudi jioni wakiwa hoi na madaftari ya kazi za nyumbani, na wale wa bweni hawaonekani kabisa. Wengi wetu hatulipigii hesabu jambo hili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kwa mtoto mdogo binamu ndio likizo yenyewe. Mtoto wa miaka mitano atasahau hoteli na mbuga, lakini hatamsahau aliyemfundisha kucheza kombolela.

Kuwatoa watoto shuleni mapema si jambo la kufanyia mzaha. Tangu Agosti 2024, faini ya utoro England ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, na hupanda hadi pauni 160 baada ya hapo. Baba na mama wenye watoto wawili wanaweza kujikuta wakidaiwa pauni 320 kwa wiki moja tu ya kuwahi. Lakini ikiwa watoto wenu wote bado hawajafika umri wa lazima wa shule, ambao England huanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka mitano, tafadhali msisubiri Julai. Nendeni Juni. Tiketi huwa na nafuu, masika huwa imekwisha, na binamu wako nyumbani kutwa nzima. Nafasi hiyo hupotea siku mtoto wa kwanza anapoanza shule, na wazazi wengi huitambua ikiwa imeshapita.

Kwa sisi tuliofungwa na kalenda ya shule, inafaa mwisho wa wiki wote utengwe kwa ajili ya binamu, kisha siku za katikati ya wiki ziwe za kupumzika, kuwaona wazee, na matembezi mafupi. Waulizeni ndugu zenu mapema kuhusu kalenda ya shule wanazosoma watoto wao, kwa kuwa shule nyingi huwa na mapumziko mafupi ndani ya muhula wa pili, mwishoni mwa Agosti au Septemba, na shule binafsi zina tarehe zake.

MCHANGIAJI, GÖTEBORG

Nakushukuru sana, mleta uzi, kwa kuanza na kalenda. Sisi wa Sweden tuna bahati ambayo hatuitumii ipasavyo: shule hufungwa katikati ya Juni, kwa hiyo familia inayoondoka mara moja hukuta likizo ya Juni ya Tanzania bado inaendelea. Nimeona familia nyingi hapa zikisubiri Julai kwa sababu ya ruhusa za kazini. Ningewashauri walao mzazi mmoja atangulie na watoto, mwenzake afuate baadaye.

Naomba niongeze jambo kuhusu usingizi. Anayetoka Ulaya hana shida kubwa ya tofauti ya saa, kwa kuwa Tanzania iko mbele ya Sweden kwa saa moja tu wakati huo wa mwaka, na mbele ya Uingereza kwa saa mbili. Wanaotoka New York wana tofauti ya saa saba, na hao wahesabu siku kadhaa za watoto kuamka usiku wa manane wakitaka chakula. Kinachowashangaza watoto wetu ni giza. Hapa Juni mtoto hulala jua likiwa bado linawaka, lakini Tanga au Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, na giza huingia upesi. Tumieni hali hiyo. Mtoto aogeshwe saa 11, ale kabla ya magharibi, na saa moja na nusu awe ndani ya chandarua. Shida ni kwamba huo ndio muda ambao wageni huanza kubisha hodi.

MCHANGIAJI, BIRMINGHAM

Mleta uzi, hoja zako nimezisoma kwa makini na nyingi nakubaliana nazo, lakini kuhusu ndugu kutufuata nina shaka kubwa. Baba yake mkubwa mume wangu yuko Sengerema, mkoani Mwanza, ni mzee sana, na magoti yamemwishia. Hawezi kuja Dar es Salaam. Je, nimpigie simu nimwambie kwamba wajukuu wake wamekuja nchini lakini ratiba ya usingizi hairuhusu? Sisi tumelelewa kwamba mdogo ndiye anayemfuata mkubwa. Mtu akikaa ughaibuni miaka mitatu, akarudi, akajikalisha mahali pamoja na kuita watu waje wamwone, atasemwa, na atakuwa amesemwa kwa haki.

MLETA UZI

Dada yangu wa Birmingham, nimefurahi kwamba umelisema wazi, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi inapokwama. Nakubaliana nawe kabisa kuhusu wazee. Sikusudii kwamba babu wa Sengerema aachwe.

Orodha ya ndugu inafaa igawanywe mara tatu. Kundi la kwanza ni wazee wasioweza kusafiri. Hao wanafuatwa, bila mjadala. Kundi la pili ni waliofiwa wakati sisi tukiwa mbali, ambao adabu inatutaka tufike, tukae nao kitako, tuwape pole kwa macho na si kwa simu. Kundi la tatu ni wengine wote: mashangazi wenye afya, wajomba, mama wadogo, marafiki wa shule, majirani wa zamani. Hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote, na hao wanaweza kuja.

Kwa makundi mawili ya kwanza, si lazima familia nzima ihame kila mara. Kwenda kuhani msiba na watoto wadogo kunamchosha mfiwa mwenyewe; mzazi mmoja anaweza kwenda, akalala huko, akarudi. Kwa babu wa Sengerema, mume wako anaweza kutangulia peke yake katika wiki ya kwanza, na kama babu anataka kuwaona wajukuu, basi safari ya Mwanza ipangwe moja tu, kwa ndege ikiwezekana, na mkae siku za kutosha ili watoto wapumzike kabla ya kurudi. Ugumu huwa pale tunapotaka kufika Sengerema, Tanga, Moshi na Zanzibar katika wiki nne zile zile. Njia iliyo bora ni kupokezana: mwaka huu kituo kiwe upande wa mama, safari ijayo upande wa baba.

Kwa kundi la tatu, fanyeni siku moja ya kukutana. Jumapili nzuri, katika wiki ya pili ambapo watoto wameshazoea, pikeni pilau, kodini turubai na viti, alikeni kila mtu kwa siku hiyo. Gharama yake huwa ndogo kuliko nauli, mafuta ya gari na bahasha za kuzunguka nyumba kumi na tano, na ndugu nao hupata nafasi ya kuonana wao kwa wao, jambo ambalo siku hizi hutokea msibani tu.

Jambo moja la kuzingatia sana: tangazo la mpango huu lisitoke kwako. Mpigie shangazi mkubwa au baba mkubwa anayesikilizwa katika ukoo, mweleze kwa unyenyekevu hali ya watoto, mwombe ushauri kuhusu tarehe, kisha yeye ndiye aandike katika kundi la familia la WhatsApp kwamba wajukuu watakuwa kwa bibi yao Muheza kuanzia tarehe fulani na kwamba siku fulani wote tunakutana hapo. Neno likitoka kwa mkubwa huwa ni mwaliko. Likitoka kwako moja kwa moja, linasikika kama masharti.

MCHANGIAJI, DAR ES SALAAM

Naomba nizungumze kwa niaba ya sisi wenyeji, ambao mara nyingi hatuulizwi. Nyumba yangu ndiyo kituo cha ndugu zetu wanaotoka Ulaya. Tunawapenda na tunawasubiri kwa hamu, lakini kuna mambo ambayo mgeni mwenye watoto hapaswi kumwachia mwenyeji ayabebe kimyakimya.

La kwanza ni umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumika, na maji. Familia ya watu wanne inayooga mara mbili kwa siku, inayofua kila siku, na inayolala na kiyoyozi hubadili kabisa hesabu ya nyumba. Dada wa nyumbani atafua na kupika mara mbili ya kazi yake ya kawaida, kwa hiyo mpeni chake waziwazi na kwa heshima. La pili ni pampasi. Katika mitaa mingi taka hubebwa mara moja kwa wiki au chini ya hapo, na mfuko wa pampasi uliokaa juani siku tano kila mtu anaufahamu. Kwa mtoto anayekaribia kuacha, leteni poti, kwani itawasaidia pia mkifika penye choo cha shimo, ambacho watoto wengi waliozaliwa Ulaya hukiogopa. La tatu ni zawadi. Msijaze masanduku nguo za mitumba ya huko, kwa sababu hapa zipo. Leteni vitabu vya watoto na dawa mlizoagizwa, na nafasi iliyobaki muitumie kwa kiti cha gari cha mtoto. Teksi zetu hazina viti hivyo, na mashirika mengi ya ndege hukibeba bila malipo ya ziada. Tafadhali pia msikubali watoto wapandishwe bodaboda mishkaki, yaani kubanana wengi kwenye pikipiki moja, eti kwa sababu ni hapo karibu tu.

La mwisho ni salamu. Wafundisheni watoto shikamoo kabla hawajapanda ndege, kwa simu ya video na bibi yao kila Jumapili. Mtoto asiyejua Kiswahili anasamehewa, lakini anayepita mbele ya wazee bila kusalimia huwaumiza, hata kama hawatasema.

MLETA UZI

Maneno ya mwenyeji wetu yazingatiwe na kila anayesoma hapa. Sasa naomba nikae kwa kirefu kwenye afya, kwa kuwa ndipo ninapoona hatari ya kweli.

Wagonjwa wengi wa malaria wanaogunduliwa Uingereza si watalii, bali ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea ndugu zao. Sababu inaeleweka. Mtalii hujiona mgeni na hunywa dawa zake. Sisi tunajiona tunakwenda kwetu. Lakini kinga tuliyokuwa nayo utotoni hupungua tukikaa mbali, na mtoto aliyezaliwa Manchester hana kinga hiyo hata kidogo. Malaria ya kwetu husababishwa zaidi na kimelea cha falciparum, ambacho kinaweza kumweka mtoto mdogo katika hali mbaya ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo dawa za kujikinga si anasa. Kwa watoto dozi hupimwa kwa uzito na si kwa umri, hivyo mpimeni mtoto karibu na siku ya safari. Dawa ambayo wengi huandikiwa, ile yenye atovaquone na proguanil, huanza siku moja au mbili kabla ya kufika na huendelea kwa siku saba baada ya kuondoka. Uingereza hazitolewi bure na NHS, yaani huduma ya afya ya umma, kwa hiyo zitengewe fungu katika bajeti tangu mwanzo. Chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A hutolewa bure, lakini ya kwanza kwa kawaida hupewa walio na miaka miwili na kuendelea, na ya pili kuanzia mwaka mmoja. Fikeni kliniki wiki sita hadi nane kabla ya safari.

Dawa hizo haziondoi haja ya chandarua. Siku ya kwanza mkifika, kabla hata ya kufungua masanduku, chukueni chandarua cha kitanda cha mtoto, kinyanyueni kwenye mwanga wa dirisha, mkague tundu moja moja, hasa pembeni panapokunjwa chini ya godoro, kisha mzishone kwa sindano na uzi. Chandarua kichomekwe kabla ya jua kuzama, si wakati mtoto anapokwenda kulala, kwa sababu mbu akishaingia jioni atabaki humo usiku kucha. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET inaruhusiwa kwa watoto waliozidi miezi miwili. Mkipaka na mafuta ya kuzuia jua, ya jua yatangulie.

Mtoto akipata homa mkiwa huko, msisubiri ipite yenyewe na msimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka hupatikana hata kwenye zahanati ya kijiji na majibu hutoka muda mfupi baadaye, na akikutwa na malaria isiyo kali atapewa dawa mseto. Kwa kuharisha, nunueni pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki siku ya kwanza katika duka lolote la dawa, ili msihangaike usiku.

Yapo pia mambo madogo ambayo vipeperushi vya kliniki za Ulaya huyagusa kwa shida. Nguo zilizoanikwa nje, pamoja na nepi za kitambaa, zipigwe pasi hadi kwenye mishono, kwa sababu yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia ngozini. Watoto wasicheze peku kwenye vumbi la zizi kwa sababu ya funza wa miguuni. Na ninyi mnaokwenda Mwanza, Bukoba au Musoma: Ziwa Victoria lina kichocho. Najua sote tuliogelea humo tukiwa wadogo, lakini watoto wetu wasiingie, hata kama maji yanaonekana safi.

Kuhusu chakula, bibi apewe kazi yake, na uji wa asubuhi uwe wake. Lakini mtoto mwenye mzio wa karanga yuko hatarini zaidi kwetu kuliko Ulaya, kwa kuwa karanga zimo katika uji wa lishe, katika mchicha, katika kisamvu, na hakuna anayeziona kama kitu cha kutangaza. Mwambieni kila mpishi, si bibi peke yake, na mwambieni kwamba ni ugonjwa, si deko.

MCHANGIAJI, GLASGOW

Nimejifunza mengi. Naomba kuuliza kuhusu matembezi: watoto wangu wana miaka minne na saba, na wametuomba kuona wanyama na bahari. Tukiwa na kituo Tanga au Morogoro, tunaweza kupata vyote viwili bila kuvunja utaratibu unaopendekeza? Pia nasafiri peke yangu na watoto. Je, kuna karatasi za ziada?

MLETA UZI

Kuhusu wanyama, ningewashauri muiache Serengeti hadi mdogo afikishe miaka sita au zaidi. Kutoka Arusha ni kutwa nzima garini, sehemu kubwa ikiwa vumbi na mitikisiko, na mtoto wa miaka minne atakuwa amechoka kabla hajamwona nyumbu wa kwanza. Mikumi inatosha kabisa. Tangu 2024, treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, imekuwa ikisafirisha abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na hadi Morogoro ni mwendo usiozidi saa mbili. Kwa mtoto treni hiyo peke yake ni matembezi. Kutoka Morogoro kwenda Mikumi ni barabara ya lami, mnaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni, na Julai na Agosti, nyasi zikiwa zimekauka, wanyama huonekana bila taabu. Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, haziwatozi kiingilio watoto wa chini ya miaka mitano. Na wenye uraia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko wageni.

Msisahau Nane Nane. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo binamu hawaendi shule, na maonyesho ya wakulima hufanyika katika viwanja kama Nzuguni Dodoma, Themi Arusha na Nyamhongolo Mwanza, na Morogoro pia yapo. Mtoto wa Glasgow atamshika sungura, atamwona ng'ombe wa maziwa akikamuliwa, ataonja asali, ataona samaki kwenye mabwawa, na yote hayo kwa kiingilio kidogo. Nendeni asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali na umati haujajaa.

Bahari inahitaji mipango zaidi. Julai na Agosti ni msimu wa kusi, na mkondo wa Zanzibar unaweza kuchafuka. Mwenye watoto achukue boti ya asubuhi na akae sehemu ya chini kuelekea nyuma, mifuko ya kutapikia ikiwa mkononi. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kusi hupiga moja kwa moja, na maji yakipwa bahari huondoka mbali sana, hasa wakati wa bamvu. Watoto hupenda kutembea kwenye mchanga uliobaki wazi, lakini wavae viatu vya majini, kwani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Kwa kuogelea, Nungwi na Kendwa ni bora zaidi, kwa kuwa maji hayakimbii mbali. Kisiwani Changuu wako kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, walioletwa mwaka 1919, na mtoto wa miaka minne anaweza kuwalisha majani kwa mkono wake. Tangu Oktoba 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Lakini mkichagua kituo cha Tanga, Pangani iko karibu, ni tulivu, na haihitaji boti.

Mkipanda Lushoto, bebeni sweta za kweli. Watu hudhani Afrika ni joto kila mahali, lakini huo ndio wakati wa kipupwe, na usiku wa Julai katika Usambara ni baridi hasa. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kona tupu kwa kilomita 30 na ushei, hivyo watoto wale kitu chepesi kabla ya kupanda.

Sasa karatasi. Kila mtoto awe na pasipoti yake yenye uhai wa angalau miezi sita. Wenye pasipoti za Uingereza huhitaji viza, dola 50 kila mmoja, watoto nao wakihesabiwa, na Wamarekani ni dola 100. Ombeni kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe, kwa sababu zipo tovuti za kati zinazoongeza ada zao. Wazazi wenye uraia wa Tanzania wafahamu kwamba mtoto aliyezaliwa nje anaweza kuwa raia kwa kurithi na kushika uraia wa pande zote mbili hadi atimize miaka 18, kwa hiyo pasipoti ya Tanzania kwa mtoto ni jambo la kufuatilia ubalozini mapema.

Kwa anayesafiri peke yake, beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, hasa kama jina la ukoo halifanani na lako, pamoja na barua ya ridhaa kutoka kwa mzazi mwenzako ikitaja tarehe, mahali mtakapokaa na namba ya simu. Kwa sheria za England na Wales, kumtoa mtoto nje ya nchi kunahitaji ridhaa ya kila mwenye haki ya malezi. Aliye na amri ya mahakama kwamba mtoto anaishi naye anaweza kusafiri hadi siku 28 bila ridhaa hiyo. Wewe uko Scotland, hivyo muulize mwanasheria wa huko kabla ya kukata tiketi. Na kama mnaunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi, epukeni tiketi yenye kusubiri zaidi ya saa 12, kwa kuwa hapo Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja.

Mtoto anayetimiza miaka miwili mkiwa safarini atahitaji kiti chake katika safari ya kurudi, kwa hiyo hakikisheni tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa sawasawa kwenye tiketi. Pia msifungashe vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa kuwa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Rudini angalau siku tano kabla ya shule kufunguliwa, na dawa za malaria ziendelee hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, kwani wazazi wengi huziacha mara tu wanapofika nyumbani Ulaya. Mtoto akipata homa katika wiki au miezi inayofuata, hata kama inafanana na mafua ya kawaida ya Septemba, mpelekeni siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba ametoka Tanzania kabla hajauliza, ili damu yake ipimwe malaria mara moja.